Naombeni ushauri: mguu wangu haujui ulipo, niuze cherehani cha miguu ninunue cha mota?

FundiKipimo (mleta uzi)
Heshima kwenu wakuu. Nimekuwa msomaji tu humu, leo ndiyo mara ya kwanza kuanzisha uzi. Nikikosea jukwaa, mods mnihamishe.

Mimi ni fundi nguo, niko Korogwe, mwaka wa kumi na nne huu nakalia cherehani. Tangu mwezi wa tatu mguu wa kulia umeanza vituko, na sasa wa kushoto unafuata. Haujapooza. Nguvu ninazo, juzi nimeshusha gunia la mahindi kwenye bajaji peke yangu. Shida ni kwamba mguu haujui ulipo. Nakanyaga, gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Nikiinama nikautazama, unatii kama mtoto aliyeona fimbo. Nikirudisha macho kwenye sindano, umeshapotea. Sasa fundi gani anashona huku anatazama miguu?

Kandambili inanivuka njiani na sina habari. Wiki jana nimetoka sokoni hadi dukani na moja, mpaka mtoto wa jirani akanikimbilia: "Baba Rehema, kiatu chako kile kule!" Umeme ukikatika nikiwa nimesimama, naenda chini. Siku hizi hata chooni naenda na tochi, na mwanga naupiga miguuni, siupigi mbele.

Kuna mtu ananipa laki tatu na nusu kwa hiki cha miguu. Nikiongeza kidogo napata cha mota. Mota inazunguka yenyewe, mguu unabonyeza tu. Je, niuze? Mliowahi kutumia mota nisaidieni.

Kiberiti
Wa kwangu kila mshahara ukiingia unasahau nyumbani ni wapi. Mke wangu anasema huo ugonjwa una jina.

MamaTausi
Usiuze! Nasema tena, usiuze. Hicho cha chuma cha zamani hukipati tena. Mimi mwaka 2009 niliuza cha marehemu mama yangu, nikanunua cha umeme kutoka kwa mtu aliyekileta na kontena. Miezi minne, mota ikanuka moshi. Nilikuwa na oda ya sare za shule, sketi sitini, na shule inafungua Jumatatu. Nililala sakafuni nashona pindo kwa mkono mimi na wadogo zangu wawili. Mpaka leo nikiona rangi ya samawati tumbo linanikata. Umeme wenyewe ndiyo huu mnaoujua. Pole kwa mguu lakini.

Mkunazini
Assalaam alaykum. Ndugu yangu, hayo ya giza yamenikumbusha marehemu baba. Alikuwa na sukari miaka mingi. Tulijua mambo yameharibika pale kwenye kutia udhu. Mikono anakosha vizuri, anasukutua, akifika kuosha uso anafumba macho na kuinamia maji, hapohapo anayumba kama yumo dauni. Sisi tukidhani kizunguzungu. Kumbe miguu ilikuwa inasimama kwa msaada wa macho, ukiyafunga macho umeiondolea fimbo. Mwisho tukamwekea kigoda, akawa anatia udhu ameketi. Kapime sukari. Na ununue vidonge vya vitamini B, vile vya ganzi, madukani vipo na havina madhara.

Mnyoofu
Mleta uzi usituzunguke. Fundi nguo, wateja wanawake, kupimana viuno kutwa. Pima kaswende. Wazee wetu waliisikia hiyo ya kupiga miguu chini pu, pu, kama anayekanyaga udongo wa kukandika nyumba. Halafu urudi kwa Mungu.

Kiberiti
Mnyoofu umeijuaje hiyo ya pu, pu? Tusimulie taratibu, tuko na popcorn.

Bingirika
Mimi ni mtu wa fiziotherapia, miaka kumi na moja wodini. Niacheni cherehani kwanza.

Mnyoofu kasema kwa kejeli lakini hajakosea kote. Kaswende ikikaa miaka mingi bila tiba inaweza kula njia za uti wa mgongo zinazoleta taarifa za viungo, na ndiyo maana kipimo chake huombwa. Ni kipimo, si hukumu, na sababu nyingine ziko nyingi.

Mleta uzi, mwili una hisi ambayo shuleni hatukufundishwa. Ukifumba macho sasa hivi unajua goti lako limekunjwa au limenyooka, bila kuligusa. Taarifa hizo zinatoka kwenye misuli, kano na maungio, zinapanda kwa mishipa ya fahamu minene hadi kwenye ubongo, kila nukta. Zikikatika, misuli bado ina nguvu lakini inatumwa bila kuletewa majibu. Ndiyo maana gunia unashusha na kandambili huioni ikivuka.

Fanya mawili jioni hii, na mtu awe karibu wa kukudaka. Moja, simama miguu pamoja, fumba macho. Daktari Mjerumani Romberg aliliandika jambo hili karne ya 19, na mpaka leo ndicho kipimo cha kwanza. Mbili, fumba macho, mkeo akushike kidole gumba cha mguu kwa pembeni akipeleke juu au chini kidogo tu, wewe useme kimeenda wapi. Mara kumi.

Halafu unijibu: sukari? VVU? Pombe? Vidole vya mkono vikoje? Unatumia dawa gani, za aina yoyote, tangu lini?

FundiKipimo
Asante mkuu Bingirika. Tumefanya. Nilipofumba macho sikumaliza hata sekunde tatu, nimeangukia kabati, mlango wake mmoja sasa haufungi. Kidole gumba nimepatia mara nne kati ya kumi. Mama Rehema alidhani namtania, akafanya tena, nikapata tatu.

Sukari nimepima iko sawa. VVU nimepima sina. Kaswende nimepima sina, Mnyoofu ulale salama. Pombe sinywi. Vidole vya mkono vinaanza kunitoroka, sindano imenichoma mara mbili mwezi huu na nimejua nilipoona damu kwenye kitambaa.

Lakini wakuu mimi nilichouliza ni kuhusu mota. Yule mtu anataka jibu Ijumaa, na kusema kweli cha mota nimeshakitolea kianzio, laki moja na nusu. Wengi wanaotumia mota wanasema ni nyepesi. Naona ndiyo njia.

MzeeWaTarime
Vijana mmesahau. Mwaka 1985 kwetu Mara kulikuwa na ukame, watu wakala mihogo michungu bila kuiloweka na kuikausha inavyotakiwa. Sumu ile ikakamata miguu. Mtu analala mzima, asubuhi anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana, na hapo amefika kikomo, hapandi hashuki maisha yake yote. Wataalamu walikuja, wakauita konzo, jina la Kongo. Korogwe mnakula mihogo sana. Angalia bada lako, huo ugali wa muhogo.

Bingirika
Mzee heshima yako, konzo naijua, nimewahi kuwaona. Lakini mguu wa konzo unakakamaa. Mgonjwa anajua fika ulipo, ila haukunjiki. Huyu wa kwake umelegea na umepotea. Mihogo michungu inayoliwa miaka mingi inaweza kuharibu hisi pia, kwa hiyo swali la chakula ni zuri. Ila kuna swali langu moja limerukwa. Fundi, dawa.

FundiKipimo
Situmii dawa. Natumia virutubisho tu.

Bingirika
Virutubisho gani? Chukua kopo, soma maandishi madogo ya nyuma, uniandikie kama yalivyo. Na idadi kwa siku.

Kiberiti
Hapa patamu. Fundi amekaa kimya saa tano.

FundiKipimo
Sikukaa kimya, nilikuwa na mteja wa suti.

Ni vitamini B6. Kimoja miligramu 100. Nakunywa vinne asubuhi, vinne usiku, tangu Novemba mwaka jana. Nilianza kwa sababu ya ganzi ya mkono wa kulia, ile ya mkasi, mafundi wote wanaijua. Kopo linasema kimoja kwa siku, ila aliyenielekeza alisema ganzi sugu inataka kuanza kwa nguvu. Na ni vitamini, mkuu, mwili ukishiba unaitoa kwa mkojo. Hata Mkunazini hapo juu amesema havina madhara.

Tena nina ushahidi. Mwezi wa tano niliviacha siku kumi na mbili kujaribu. Nikazidi! Ndipo mikono ilipoanza. Nikarudia. Kwa hiyo tuviache vidonge, vinanishikilia.

Bingirika
Nimesoma mara mbili. Jumla miligramu 800 kwa siku. Mwili wa mtu mzima hauhitaji hata miligramu 2.

Ni kweli vitamini nyingi za kundi B zikizidi zinatoka. B6 ya wingi huo inaua kabla haijatoka. Pembeni ya uti wa mgongo, nje yake, kuna vifundo vya chembe za hisi, na ndizo B6 inazishambulia. Chembe zinazotuma nguvu kwenye misuli zimo ndani ya uti wenyewe, hazikuguswa. Hapo ndipo penye kitendawili chako: nguvu tele, mguu haujulikani ulipo. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliandika juu ya watu saba waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kwa siku. Hawakuweza kutembea gizani, mikono ikawa haishiki kitu sawasawa. Baadaye wakaonekana wengine wa dozi ndogo zaidi, kama yako, waliomeza muda mrefu.

Na huo ushahidi wako wa siku kumi na mbili unakugeuka. Sumu hii ukiiacha, hali huweza kuendelea kushuka wiki mbili, tatu, hata sita, ndipo isimame. Kama gari lililozimwa injini kwenye mteremko. Uliliona likishuka ukadhani kuzima ndiko kunakolishusha, ukaliwasha tena. Mateso ya mkono niliyaona kwa wagonjwa wengine, lakini hii ya kurudi kwenye sumu kwa sababu ya kuiacha imenikata maini.

Acha leo. Angalia na vinywaji vya nguvu au vidonge mchanganyiko, visije vikawa na B6 ndani. Nenda hospitali ya rufaa na kopo mkononi, usiende na maneno matupu. Wapime na B12, kwa sababu ikipungua inaleta picha inayofanana na hii na tiba yake ipo.

Mota: hapana! Mota inataka mguu unaojua umebonyeza kiasi gani. Wako utaipeleka sindano mbio juu ya kidole, na kidole chenyewe hakitakwambia.

Mkunazini
Astaghfirullah. Nafuta ushauri wangu wa vidonge. Baba tulimpa hivyohivyo, tena kwa mkono wangu.

Bingirika
Mkunazini usijibebeshe. Vile vya kawaida kwa kipimo cha kawaida si hadithi hii. Na baba alikuwa na sukari, ambayo peke yake inatosha.

Chaimoto
Wakuu amkeni. Hii ni CHAI, tena ya tangawizi.

Moja, ID imefunguliwa Jumatatu. Mbili, mtu ambaye vidole havijui vilipo anaandika aya ndefu zenye mkato na nukta kuliko walimu wetu? Tatu, hadithi hii nimeiona kwenye televisheni. Kuna Mzungu aliyepoteza mwili akawa anatembea kwa macho, taa ikizimwa anaanguka. Neno kwa neno! Nne, Bingirika amejitokeza na nondo zake kama aliyekuwa anasubiri. Mtu mmoja, ID mbili. Lengo ni kuchafua biashara ya vidonge ya mtu fulani. Tupe picha ya kopo.

Kiberiti
Nilikuwa nimeshaanza kulia. Nirudishieni machozi yangu.

Mnyoofu
Mimi nilijua tangu mwanzo.

MamaTausi
Mnyoofu wewe ulijua kaswende.

Msafiri_Baridi
Naishi Uingereza. Huyo Mzungu yupo kweli, anaitwa Ian Waterman. Alikuwa kijana wa miaka 19, muuza nyama kisiwani Jersey, mwaka 1971. Akapata homa, na kinga ya mwili wake inaaminika iligeuka ikala mishipa yake ya fahamu. Kuanzia shingoni kushuka hakujua tena mkono uko wapi wala mguu uko wapi, wala hakusikia akiguswa. Maumivu na joto na baridi alivisikia. Misuli ilikuwa hai. Akijaribu kuinuka mkono unaruka wenyewe. Akaambiwa ataishi kwenye kiti cha magurudumu.

Alijifundisha upya kwa macho na kufikiri. Kuketi tu kulimchukua miezi, na mwendo wake mpaka uzeeni ulikuwa kazi ya akili, kila hatua anaipanga kama mtu anayepiga hesabu. Akipata mafua akili ikachoka, mwili unamshinda.

Sasa Chaimoto, kufanana na Waterman hakumfanyi fundi mwongo. Watu wawili waliovunjika mguu nao wanachechemea sawasawa. Mimi kinachonitatiza ni kingine. Fundi wa mkoani anameza vidonge vinane kwa siku, miezi yote hiyo. Kopo ngapi hizo? Nani anamlipia?

Chaimoto
Asante. Hesabu hiyo ajibu.

FundiKipimo
Mnaniita mwongo nikiwa nimeketi na plasta vidole vitatu.

Naandika hivi: mafupi naandika mwenyewe kwa dole gumba moja, nalikodolea macho kama paka anayevizia shimo. Nikitazama pembeni, vidole vinajichezea vyenyewe kama vinapiga kinanda. Marefu anaandika Rehema, yuko kidato cha tatu, mimi natamka yeye anaweka mikato. Bingirika simjui, laiti ningemjua tangu Novemba.

Picha ya kopo siweki. Nitasema kwa nini, maana mmeshaifikia. Silipii. Mimi ndiye ninayeviuza. Nilisajiliwa mwaka jana, nikakopa VICOBA nikachukua katoni mbili, ziko chini ya meza ya kukatia. Nimewauzia watu kama kumi na tano, mafundi wenzangu wengi. Nilikuwa nawaambia, mimi mwenyewe natumia vinane, nitazameni. Na walinitazama kweli, nilikuwa bado natembea vizuri.

Wala sijakubali moja kwa moja kwamba ni vidonge. Mkopo una miezi saba imebaki. Nikisema leo ni vidonge, nazirudisha kwa nani?

*(Rehema: baba hakutaka niandike hiyo ya wateja, kisha akasema andika.)*

Kiberiti
Sina utani hapa.

Chaimoto
Sasa ndiyo inanoga zaidi, mtunzi ameongeza mhusika. Nasubiri picha.

MzeeWaTarime
Chaimoto kaa pembeni. Kijana, hao kumi na tano unawajua majina?

FundiKipimo
Nawajua, mzee. Daftari lipo. Na mama yangu mzazi yumo, magoti.

Bingirika
Wao wanakunywa ngapi?

FundiKipimo
Wengi kimoja, wengine viwili. Mmoja ananiiga mimi. Huyo nimemfuata leo mchana. Nilimkuta anashona. Nikamwomba afumbe macho asimame. Akacheka, akasimama vizuri. Nikamwambia aache hata hivyo. Akaniuliza kama kuna dawa mpya imeingia ndiyo maana naiponda hii.

MamaTausi
Fundi, sikia dada yako. Bingirika amesema mota hapana, na mimi nilisema usiuze kwa sababu zangu za kijinga. Sasa nina ya maana. Tafuta mtu akufungie mkono, ule mpini wa kuzungusha gurudumu. Kichwa cha cherehani hicho hicho, kinakubali. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa, na vyote viwili viko mbele ya macho yako hapo hapo penye sindano. Miguu iwekwe pembeni ipumzike. Utashona polepole, suti sahau, lakini pindo na mito na viraka utaweza. Bibi yangu Pangani alishonea mkono mpaka anazikwa.

Bingirika
MamaTausi, hiyo ni bora kuliko nilichokuwa nimekiandaa.

Niongeze moja tu. Una chaki ya kupimia nguo. Chora sakafuni nyayo, hatua moja moja, uzikanyage kwa kutazama, mara mbili kwa siku, huku umeshika ukuta au meza. Daktari Mswisi anayeitwa Frenkel ndiye aliyeanzisha mazoezi ya namna hiyo, kwa wagonjwa wa kaswende wa zamani zile, Mnyoofu tena umefurahi. Hayafufui chembe zilizokufa. Yanayafundisha macho kazi ya mguu. Zilizoumia tu bila kufa zinaweza kurudi kwa miezi mingi, na hakuna atakayekuahidi ni ngapi. Viatu vya kufunga, kandambili acha. Taa ya betri chumbani. Pikipiki usiguse. Na wiki tatu za kwanza ukizidi, usirudie vidonge. Mwambie Rehema aliandike hilo ukutani.

FundiKipimo
Ameandika. Kwa chaki, kwenye mlango wa kabati, ule usiofunga.

Leo sijanywa. Kianzio cha mota jamaa anasema harudishi, labda nichukue mpini wa mkono kwake tukatane. Katoni bado ziko chini ya meza. Aliyenisajili nimempigia, akasema nina hofu ya wanaoanza.

Mkunazini
Na bi mkubwa? Umemwambia?

FundiKipimo
Nimemwambia. Amesema magoti yamepona na mimi nina wivu. Kesho naenda na Rehema tukamwombe afumbe macho.

Kiberiti
Mdakeni tu.

JuaKali_77
Habari wakuu, sijasoma uzi wote. Hicho cherehani cha miguu bado kipo? Nina laki tatu taslimu, niko Muheza.